Simu Iliyofunga Ramadhani

Kwa mama yangu, Bi Mize, Matemwe.

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Shikamoo, mama. Nangoja kidogo hapa uitikie, maana najua utaitikia marahaba kwa sauti hata kama mbele yako yuko Makame na karatasi tu. Hujambo? Magoti yanasemaje, na kile kikohozi cha asubuhi? Na yule paka wako mwizi wa dagaa bado yupo, au Makame keshamfukuza? Sisi huku Maskati hatujambo. Mume wangu Suleiman bado anaendesha gari la mikate, anatoka alfajiri na kurudi ananukia tanuri. Mtoto hajambo. Ananyonya, analala, na saa yake ya kulia ni ile tu ninapoketi mbele ya sahani. Somo yako huyo hakuchukua jina lako peke yake, amechukua na amri zako.

Siku ya Idi uliniambia, "Maneno ya simu yanapita, mwanangu. Niandikie karatasi nisomewe, nikisahau nisomewe tena." Basi nimeandika. Barua nimempa Bi Raya, jirani yetu wa huku anayekwenda kwao Mpendae, pamoja na kifurushi kidogo. Kifurushi kisifunguliwe mpaka barua iseme. Makame mdogo wangu, wewe unayesoma, soma polepole na usiruke mstari pale unapotajwa. Utatajwa.

Nataka nikueleze habari ya ile simu tangu mwanzo, mama, kwa sababu wewe umeisikia vipande vipande, na vipande vingine nilivificha.

Nilipojifungua, Makame alitaka kuazima simu ya mwenzake wa jikoni, pale kwenye nyumba ya wageni anapopika, akuonyeshe mtoto. Ukakataa. Ulinipigia kwa simu yako ndogo ya vitufe ukasema, "Mtoto hajatimiza arubaini, usimpitishe kwenye simu za watu. Simu ya mtu ina macho ya watu. Ntamuona kwa simu yangu mwenyewe." Nilicheka, lakini nilikuelewa. Hukutaka mtoto mchanga apatwe na kijicho, na hukutaka kumuona mjukuu wako wa kwanza kwa kuazima. Mimi nilikuwa na haraka yangu. Jicho lako la kushoto presha ya macho ilishalimaliza, na la kulia daktari alisema halitakaa sana. Nilitaka umuone mtoto kabla hilo moja nalo halijaondoka. Hilo tu ndilo nililolitaka katika mambo haya yote.

Nikaenda soko la Matrahi, kwenye duka la simu zilizotumika. Nikapata simu ya tachi yenye kioo kikubwa na ufa mdogo pembeni. Mwenye duka akaiwasha mbele yangu, akapiga picha, akanipigia, yote sawa. Nikakaa nayo siku chache nikiijaribu, haikunisumbua hata kidogo. Hapo ndipo ningeitia kwenye boksi nikaileta kama ilivyo, na leo ningekuandikia mambo mengine.

Lakini nikafungua mahali pa picha, nikakuta za mwenye simu wa kwanza. Si picha mbaya. Sinia la wali, miguu ya mtu mzima juu ya mkeka, mtoto amevaa kofia iliyomzidi kichwa. Nikaona haya kana kwamba nimechungulia chumbani kwa watu. Wewe ndiye uliyetulea hivyo, mama. Bakuli la mtu kwako halikutoka nyumbani bila ya kuoshwa mara mbili, na hata kanga ya kumpa mtu uliifua kwanza. Nikasema siwezi kumpelekea mama simu yenye maisha ya mtu ndani yake. Nikataka kuifuta yote, irudi kama mpya.

Simu ikaniuliza paswedi ya akaunti. Ningetulia hapo nikajiuliza kwa nini inauliza. Mimi nikaona inaniletea ujeuri. Suleiman akasema anajua njia, ukiizima ukabana vitufe viwili kwa pamoja inajifuta yenyewe. Tukabana. Ikafuta kila kitu, ikaandika neno karibu kwa lugha nyinginyingi, nami nikaizima hapohapo. Sikutaka kuendelea mbele. Nilitaka uso wa kwanza kuiona uwe wako, kama mwali anavyofichwa mpaka siku yake. Nikaipangusa kwa kitambaa, nikaifunga pamoja na kanga, nikampa msafiri. Nilijiona mtoto mwema sana siku ile.

Ramadhani ilikuwa imeshaingia. Makame akaipokea mjini akaileta Matemwe karibu na magharibi. Nimesimuliwa kwamba ulikaa mkekani umejitanda vizuri, umejitia na wanja, kana kwamba mtoto naye atakutazama. Makame akatia laini, akatia bando, akaiwasha. Simu ikaandika kwamba imefungwa kwa akaunti ya mwenyewe, na haiendelei mpaka ipewe paswedi.

"Inasemaje?" ukamuuliza.

"Inasema imefungwa, mama."

"Hata simu imefunga? Masikini. Basi iwache, magharibi itafuturu."

Mlicheka mpaka mkakaribia kupitwa na adhana. Mliponipigia nami nikacheka. Kesho yake ukaniambia, "Zuhura, simu yako ina imani kubwa. Watu wamefuturu, wamekula daku, yenyewe imo tu, imefunga." Baada ya hapo hukufanya mzaha tena. Ulikuwa ukiniuliza kama mtoto analala vizuri, halafu unaniuliza swali lako la kila siku, "Ushakula?" Nami najibu nshakula, na simu tunakata.

Makame akaipeleka Darajani kwa fundi wa simu. Fundi hakumficha kitu. "Hii si mbovu," akamwambia. "Hivi ndo inavyotakiwa kufanya. Mwizi akiiba simu akaifuta, inajifunga mpaka mwenyewe aseme neno lake. Sasa dada'ko kaifuta bila ya kumtoa mwenyewe kwanza. Kanunua nyumba, ufunguo kamwachia aliyehama."

Makame akamuuliza kama hakuna njia ya pembeni.

"Wako watakaokwambia ipo. Watakula pesa yako, na simu wataitia ugonjwa juu ya ugonjwa. Mtafuteni mwenyewe, atoe akaunti yake. Au kama mna risiti, wapelekeeni waliotengeneza."

Risiti nilishaitupa pamoja na mfuko.

Nikarudi Matrahi nimembeba mtoto. Mwenye duka alinisikiliza, kwa Kiarabu chake na changu, vyote vibovu, kisha akanyanyua mikono. Aliniuzia simu inayofanya kazi, akasema, nani alinituma nifute? Nilisimama pale mbele ya kaunta nikaanza kulia, kwa uchovu zaidi kuliko hasira, na mtoto akanisaidia. Nadhani ni kilio cha mtoto kilichomfanya atafute namba ya aliyemletea simu ile, ili tu tutoke dukani kwake.

Nikapiga. Akapokea mzee. Nikamsalimia kwa Kiarabu na kuanza kumweleza, akaniwacha niseme kidogo, halafu akaniuliza kwa Kiswahili, tena Kiswahili cha mjini hasa, "Wewe mtu wa wapi, bibi? Kiarabu chako kinanukia nazi."

"Wa Unguja, baba. Wa Matemwe."

"Mimi wa Malindi," akasema. Kisha akasema tena, "Mimi wa Malindi," kama mtu anayejikumbusha.

Jina lake Mzee Seif. Alizaliwa mtaa huo wa Malindi, Mji Mkongwe, akaondoka na wazee wake angali mdogo, hakurudi tena. Alitwita kwake baada ya futari, mimi na Suleiman na mtoto, akatupa kahawa na halua na kututania kwa namna ya kwetu, nami nilijiona nimekaa barazani nyumbani. Simu ile ilikuwa yake. Mjukuu wake aliipeleka dukani, akaacha namba ya mzee, akamletea mpya, akamfungulia na akaunti mpya, na ile ya zamani hakuna aliyekumbuka kuiondoa. Mzee mwenyewe hakujua inaondolewaje, na mjukuu alikuwa safarini. Lakini paswedi aliijua. Alicheka kwa haya kabla ya kuitaja.

"Niliweka neno ambalo wajukuu zangu hawawezi kulijua, maana Kiswahili hawana. Nlipokuwa mdogo nkicheza uchochoroni, mama ananchungulia dirishani: Seif, ushakula? Nami sitaki kuwacha mchezo, nnamjibu: nshakula! Uongo mtupu, tumbo linanguruma." Akacheka mpaka machozi yakamtoka, halafu kicheko kikaisha na machozi yakawa bado yapo. "Basi ndo hilo. Nshakula."

Mama, furaha niliyoipata siwezi kuiandika. Simu imefunga, na neno la kuifungua ni nshakula! Nikasema wewe ukisikia hili utacheka mwezi mzima.

Nikampigia Makame hapohapo. Anuani ya akaunti nilimtajia herufi moja moja kama alivyonitajia mzee, naye akaandika sawasawa. Paswedi nikamtamkia tu. Nikasema, andika nshakula. Nani angefikiri kwamba nshakula ni neno la kutajiwa mtu herufi? Tunalisema tangu hatujaota meno.

Makame, ni hapa, usiruke. Makame akaandika kama alivyofundishwa darasani: nimeshakula. Simu ikakataa. Akaandika nishakula, ikakataa. Akaanza kwa herufi kubwa, akatenganisha maneno, akaunganisha. Mimi huku namuuliza, "Umeandika nshakula?" naye ananijibu, "Nimeandika hivohivo, dada, nshakula!" Mdomoni alikuwa sawa, vidoleni alikuwa mwanafunzi. Mwisho simu ikasema majaribio yamezidi, na akaunti imezuiwa kwa usalama.

Haukupita muda Mzee Seif akanipigia, sauti imempanda. "Zuhura! Kuna mwizi Unguja anataka kuingia kwangu! Nimeletewa ujumbe."

"Si mwizi, baba. Ni ndugu yangu."

"Kwani kaandika nini?"

Nilipomwambia akasema, "Nimeshakula? Mtoto gani anayemjibu mamaake nimeshakula? Hayo ya kwenye taarifa ya habari."

Tulicheka, lakini kicheko hakikurudisha siku. Ikabidi tumngoje mjukuu wake arudi ndipo akaunti ifunguliwe. Na arubaini ya mtoto ikapita katikati ya ngojangoja hiyo. Nikakwambia, mama, sasa hakuna mwiko, mtazame hata kwa simu ya mwenzake Makame. Ukanijibu, "Nshangoja yote haya, ntangoja na hili." Nilidhani ni ukaidi wako ninaoujua. Sikujua kwamba jicho lilikuwa linakuishia, nawe hukutaka mtu ajue.

Siku ya Idi, baada ya sala, mjukuu akiwa amesharudi na kuifungua akaunti, nikamtajia Makame: N, S, H, A, K, U, L, A. Ikafunguka.

Nilikuona, mama. Umevaa ile kanga niliyokuletea, wanja umejitia tena, na nyuma yako ukuta wetu na kalenda iliyopinda. Nilifurahi sana. Nikaiegemeza simu yangu ikatazama kitandani, nikageuka kumchukua mtoto aliyekuwa amelala upande wa pili wa chumba. Kabla sijafika naye, nikakusikia.

"Mashaallah, mashaallah. Hebu tazama macho yake. Na paji hili kachukua la babaake."

Niligeuka na mtoto mikononi. Mbele ya simu palikuwa na mto tu, mto mweupe.

Nilimweka mtoto pale penye mto nikasema, "Ndiye huyo, mama," nawe ukasema, "Ndiye, ndiye." Kisha akalia. Nawe ukaiondoa simu usoni ukaiweka sikioni, kama unavyoiweka ile yako ya vitufe. Huku kwangu kukawa giza, na ndani ya giza nikaona ukingo wa mtandio wako na hereni. Nikamsikia Makame akisema, "Si hivo, mama, itazame." Ukamwambia, "Hebu niwache. Nnamuona vizuri hivi." Ulikaa vivyo hivyo mpaka mtoto alipomaliza kulia.

Ulipoirudisha simu mbele uliniuliza kama nshakula. Nikajibu nshakula. Sikuwa nimekula, na baada ya hapo sikuweza.

Najuta, mama. Nimejaribu kutafuta neno jingine la kuandika hapa na sina. Najuta kubana vile vitufe. Picha ya sinia la wali la Mzee Seif ingekudhuru nini? Ungelitazama ukauliza wali huo una nyama gani, kisha ungemtazama mjukuu wako, ukiwa bado una jicho. Nilitaka kukupa kitu kisafi, nikakipeleka kimefungwa. Na najuta kuwa na akili ya kutaja herufi za anuani nisiwe na akili ya kutaja herufi za neno letu wenyewe. Makame, kosa hilo ni langu, lako ni dogo, usilibebe. Ulikuwa unaandika Kiswahili kizuri tu.

Ombi langu kwako ni moja, mama. Usinifichie tena. Ukiwa huoni niambie huoni. Nitalia, ndiyo, lakini nitalia nikijua. Siku ile nilikuwa nataka kukupigia kelele na kukukumbatia kwa pamoja, na kwa simu hayo yote mawili hayawezekani.

Sasa fungueni kifurushi.

Ndani mna uzi mnene. Makame, mpe mkononi, kisha usome polepole. Unakumbuka, mama, ulivyonifundisha kufunga mwani kwenye kamba? Tumekaa kibarazani, nami nainamia kila kamba kwa macho, nawe unanipiga kidogo kisogoni: "Usitazame, shika." Ulikuwa unazifunga zile taitai, vikamba vidogo vya kushikia mwani, huku umegeukia kwingine unazungumza na watu, na hakuna hata moja iliyofunguka majini. Basi nimemlaza mtoto kitandani nikampima, nikafunga mafundo.

Fundo la kwanza ni utosi wake. Teremsha vidole. La pili ni kidevu. Uso wake wote uko baina ya hayo mawili, uwekee kiganja chako utaona unaenea humo na nafasi inabaki. La tatu ni kitovu. La nne ni magoti, na uzi hapo nimeulegeza kidogo kwa sababu hayanyooki, kila nikiyanyoosha anayakunja kwa hasira. Uzi unapoishia ndipo penye nyayo, na hapo nimefunga taitai mbili ndogo. Hivyo ni vidole gumba vya miguu. Haviachi kuchezacheza, ndiyo maana nimevifungia peke yao.

Yaliyobaki nakwambia kwa maneno. Nywele anazo nyingi kisogoni, mbele hana, anafanana na mzee aliyevuliwa kofia. Pua si yako, nasikitika, ni ya kina Suleiman, imejikalia. Midomo ni yako. Akitaka kulia anavuta wa chini kwanza, kama wewe ukisikia habari usiyoiamini. Macho ni makubwa, na akitazama kitu hakiachi upesi. Na paji, mama, lile paji ulilolisifu ukiutazama mto, ni kweli kachukua la babaake. Hapo ulipatia.

Ile simu sasa ni yako kabisa. Mzee Seif ameshatoa akaunti yake, anasema ametoka ndani na mizigo yake yote, na Makame akipita Malindi amtazamie kama madirisha ya juu ya nyumba yao bado yapo. Tukipigiana, iweke sikioni ukitaka, iweke kifuani, sitakwambia kitu. Na wanja jitie, maana mimi nakuona.

Nifikishie salamu zangu kwa shangazi Bi Mosi anayekuchotea maji, mwambie udi wake uko kwa Bi Raya na asiutie wote kwa siku moja. Msalimie mjomba Vuai, mshona nyavu, aliyesema simu ya kutoka Arabuni lazima itasema Kiarabu. Mwambie ilisema Kiunguja kuliko sisi. Yule fundi wa Darajani Makame amfikishie dua yangu. Suleiman anakuamkia, na somo yako anakuamkia kwa namna yake, amenitapikia karatasi ya kwanza ya barua hii.

Najua Makame akimaliza kukunja karatasi utamuuliza kama nimeandika habari ya chakula. Mtoto amelala mapema leo, na sahani ya wali iko hapa pembeni, tupu. Nshakula, mama. Na leo si uongo.

Mwanao,
Zuhura